PRIYA RAMRAKHA, MPIGA PICHA WA NAIROBI

Hapa kwetu Kitui na Makueni mpiga picha tunamjua sana. Ni yule mtu anayefika siku ya soko ama Siku ya Wazazi, anatupanga mstari, warefu nyuma wafupi mbele, kisha anatuamuru tusitikisike. Jua la saa saba linatuchoma utosi. Picha zikitoka, macho yetu yamekuwa mashimo meusi kwa sababu ya kivuli cha paji la uso. Hata hivyo tunazilipia na kuzituma nyumbani!

Leo nataka kuwasimulia habari za mpiga picha wa namna nyingine. Huyu ni Priya Ramrakha, aliyezaliwa Nairobi mwaka wa 1935 katika ukoo wa Wahindi wenye magazeti. Mjomba wake, G. L. Vidyarthi, ndiye aliyeanzisha Colonial Times mwaka wa 1933. Gazeti hilo liliwakosoa wakoloni bila kuwaogopa, na katika miaka ya 1940 Vidyarthi alitiwa jela kwa yale aliyoyachapisha. Ukoo huo ulichapisha pia gazeti la Kiswahili lililoitwa Jicho. Basi kijana Priya alikulia mahali ambapo habari zilikuwa jambo la kufa na kupona.

Nairobi ya siku hizo ilikuwa mji wa ubaguzi. Mzungu alikuwa na mtaa wake, shule yake na hospitali yake, Mhindi zake, na Mwafrika aliachiwa makombo. Babu zetu waliopanda gari la moshi pale Makindu na Sultan Hamud kwenda kutafuta kazi waliyaona hayo kwa macho yao. Priya naye aliyaona, lakini yeye alikuwa na kamera. Alipiga picha za Colonial Times na baadaye za jarida la Drum, na Hali ya Hatari ilipotangazwa mwaka wa 1952 alizidi kuipiga Kenya picha ikiwa katika mateso yake.

Kazi ya barabarani si rahisi. Filamu imepakwa chumvi za fedha, na chumvi hizo hubadilika zikiguswa na mwanga. Mlango wa kamera hufunguka kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Nairobi iko karibu na Ikweta, kwa hiyo adhuhuri jua liko juu ya kichwa na nyuso zinaingia giza. Asubuhi na jioni ndipo mwanga unapopenya kwa upande kati ya majumba na kumwonyesha mtu alivyo. Mwanga huo haungoji, na mtu apitaye haambiwi arudi apite tena.

Mmarekani mmoja wa jarida la Life, Eliot Elisofon, aliiona kazi ya Priya akamsaidia kwenda kusomea picha huko Los Angeles. Akiwa Marekani aliwapiga picha Martin Luther King na Malcolm X. Kisha akarudi nyumbani, Kenya ikapata Uhuru mwaka wa 1963 naye akiwepo na kamera yake. Alikuwa miongoni mwa wapiga picha wa kwanza kutoka Afrika kufanyia kazi Life na Time.

Tarehe 2 Oktoba 1968 alikuwa Nigeria, karibu na Owerri, katika vita vya Biafra. Risasi zikampata. Morley Safer, mwandishi wa runinga aliyekuwa naye, alijaribu kumwokoa lakini wapi! Priya alikuwa na umri wa miaka 33 tu.

Baada ya hapo jina lake likasahaulika. Miaka mingi ilipita kabla ya jamaa yake, Shravan Vidyarthi, kuanza kuitafuta kazi yake. Picha zaidi ya 100,000 zilipatikana, nyingine zikiwa zimewekwa katika gereji hapo hapo Nairobi. Mwaka wa 2018 yeye na Erin Haney walizitolea kitabu.

Wahenga walisema akiba haiozi, lakini filamu huoza. Hupatwa na joto na unyevu, ikafifia. Jambo linalonisumbua mimi ni hili: katika picha zile kuna watu wengi wasiotajwa majina. Huenda mmoja wao ni babu yangu au yako, na aliyeweza kumtambua ameshafariki.

Basi wenzangu, likizo hii tukifika nyumbani tuitoe ile bahasha iliyo chini ya sanduku. Tukae na wazee, tuwaulize huyu ni nani, hapa ni wapi, ilikuwa mwaka gani. Tuyaandike majina nyuma ya picha kwa penseli, polepole tusiikwaruze. Hata zile ambazo macho yamekuwa mashimo meusi.

Mungu amlaze Priya mahali pema peponi.