Adolf Anderssen, Mwalimu wa Breslau

Katika mji wa Breslau, nchi ya Prussia, alizaliwa mtoto mwanamume tarehe 6 Julai mwaka wa 1818, akaitwa Adolf Anderssen. Mji huo u kando ya mto Oder, na siku hizi umo katika nchi ya Poland, nao huitwa Wrocław. Huko ndiko Anderssen alikozaliwa, ndiko alikosoma, ndiko alikofundisha, na ndiko alikofia. Watu wa mbali wasingalisikia habari zake kamwe, kama si mchezo mmoja aliofundishwa na baba yake alipokuwa na umri wa miaka 9.

Mchezo huo ni sataranji. Asili yake ni Bara Hindi. Waajemi waliupokea huko, Waarabu wakaupata kwa Waajemi, kisha ukaingia Ulaya. Na jina tulitumialo sisi limetoka kwa Waarabu. Huchezwa na watu wawili juu ya ubao uliogawanywa miraba 64. Kila mmoja ana jeshi lake: mfalme, malkia, ngome mbili, farasi wawili, maaskofu wawili, na askari wadogo 8. Mfalme akizingirwa hata asiwe na pa kukimbilia, mchezo umekwisha. Ajuaye bao ataelewa upesi taabu iliyomo, kwa maana hapa pia mchezaji hana budi kufikiri atakalofanya yeye, na atakalojibu mwenziwe, na jibu la jibu hilo.

Kijana Anderssen alijifunza kwa kitabu kimoja cha Mwingereza William Lewis, kilichoandikwa ndani yake michezo 50 ya mabingwa wawili, La Bourdonnais wa Ufaransa na McDonnell wa Ireland. Baadaye akaanza kutunga mafumbo ya sataranji, yaani kupanga askari ubaoni kwa hila, na msomaji atafute njia ya kumfunga mfalme. Mwaka wa 1842 mafumbo hayo yalipigwa chapa, na wachezaji wa Ujerumani wakalijua jina lake. Lakini kutunga fumbo chumbani kwa utulivu ni kazi moja, na kumkabili adui mbele ya ubao ni kazi nyingine.

Alisoma hisabati na falsafa katika chuo kikuu, na mwaka wa 1847, akiwa na miaka 29, akawa mwalimu wa shule mjini humo. Hakuoa maisha yake yote. Nyumbani aliishi na mamaye, aliyekuwa mjane, na umbu lake ambaye hakuolewa, naye ndiye aliyewalisha wote wawili. Mwaka wa 1848 alipambana na mchezaji hodari aitwaye Harrwitz; kila mmoja akashinda mara 5, wakaachana sawasawa. Kwa habari hiyo watu walianza kumtaja kama mmoja wa wachezaji bora wa Ujerumani.

Mwaka wa 1851 Waingereza walifanya maonyesho makubwa mjini London, katika jumba lililojengwa kwa vioo na chuma, na watu wa mataifa mengi wakaja kuyatazama. Basi Howard Staunton, ambaye wengi walimhesabu kuwa mchezaji mkuu kupita wote, aliona kwamba huo ni wakati wa kufaa kuwakusanya mabingwa wa nchi mbalimbali wacheze pamoja. Shindano la namna hiyo, la wachezaji wa mataifa mengi, lilikuwa halijapata kufanywa duniani.

Mwaliko ulipomfikia Anderssen, hakufurahi tu, alifadhaika pia. Kutoka Breslau mpaka London ni safari ndefu ya nchi kavu na bahari, na nauli yake si jambo dogo kwa mwalimu mwenye watu wawili wa kuwatunza. Akienda akashindwa katika duru ya kwanza, fedha hizo zitakuwa zimepotea, na hasara itakuwa juu ya mamaye na umbu lake. Kwa hiyo akasita. Staunton alipojua sababu, aliahidi kwamba Anderssen asipopata zawadi yoyote, yeye mwenyewe atamlipia gharama za safari kwa fedha zake. Ahadi hiyo ilikuwa ya kiungwana sana, hasa kwa kuwa Staunton naye alikuwa miongoni mwa watakaoshindana. Ndipo Anderssen akakubali.

Akaanza kujitayarisha. Hakutosheka na vitabu wala mafumbo yake, bali aliwatafuta watu wa kucheza nao, tena si wachezaji dhaifu ambao angewashinda akajisifu. Aliwachagua wenye nguvu: Mayet, Falkbeer, Lange, na Dufresne. Katika miezi ya kwanza ya mwaka ule alicheza nao michezo zaidi ya 100. Msomaji na akumbuke kwamba mchezo mmoja wa sataranji waweza kuchukua saa nyingi.

Shindano lilianza tarehe 27 Mei. Wachezaji walikuwa 16, wakapangwa wawili wawili kwa kura, na aliyeshindwa katika duru alitolewa, ila wachache waliobaki kugombea zawadi za chini. Saa za kupimia wakati wa mchezaji hazikuwapo bado, na mtu aliweza kuutazama ubao kadiri alivyopenda; Staunton alimlalamikia sana mpinzani wake mmoja kwa ukawia wake. Anderssen alianza na Kieseritzky, aliyekaa Paris akifundisha sataranji, na ambaye zamani alikuwa mwalimu wa hisabati kama yeye. Akamshinda. Kisha akamshinda Szén wa Hungaria. Hao wawili, Anderssen na Szén, walikuwa wamepatana kwamba mmoja wao akichukua zawadi ya kwanza, mwenziwe atapewa theluthi yake; na siku zile mapatano ya namna hiyo hayakuhesabiwa kuwa aibu.

Katika duru ya tatu alikutana na Staunton, yule yule aliyemwahidi nauli. Watu walidhani Mwingereza atashinda. Anderssen akashinda michezo 4, Staunton mmoja tu. Mwishowe alimshinda Wyvill, mjumbe wa Bunge la Uingereza, akapata zawadi ya kwanza, pauni 183. Ahadi ya Staunton haikuhitajiwa tena.

Hata hivyo, mchezo unaokumbukwa zaidi haukuwamo katika shindano. Tarehe 21 Juni Anderssen na Kieseritzky walikaa kucheza kwa kujifurahisha tu. Anderssen alimwacha mwenziwe ale askofu mmoja, na ngome zote mbili, na mwishowe malkia. Kisha, kwa askofu na farasi wawili waliobaki, akamfunga mfalme. Kieseritzky alikuwa amepoteza askari wadogo 3 tu. Wala hakuuficha mchezo huo, bali aliupiga chapa katika gazeti lake mwenyewe, na hata leo wachezaji wa nchi zote hujifunza kwao.

Anderssen alirudi Breslau, akaingia tena darasani. Mjini mwake hakuwa na wapinzani wengi wa kumnoa. Mwaka wa 1858, wakati wa likizo ya Krismasi, alikwenda Paris kupambana na kijana Mmarekani wa miaka 21, Paul Morphy, pasipo mazoezi kama yale ya mwaka wa 1851. Alishinda mara 2, akashindwa mara 7, na michezo 2 ikawa sare. Lakini hakuacha kucheza. Mwaka wa 1862 alichukua zawadi ya kwanza London mara ya pili, na mwaka wa 1870, akiwa na miaka 52, akashinda tena katika mji wa Baden-Baden.

Alifariki tarehe 13 Machi 1879, akazikwa Breslau. Kaburi lake liliharibiwa kwa mabomu katika Vita Vikuu vya Pili, na baada ya vita mji ukawa wa Wapolandi. Mwaka wa 1957 chama cha sataranji cha Poland kiliamua kuihamisha mifupa ya mwalimu yule, ikazikwa upya katika makaburi ya Osobowice, katika mji ule ule alikozaliwa.