Maisha ya Seyyid Barghash bin Said, Aliyewasha Taa za Umeme Unguja

Tumezoea kusoma humu habari za watu wa Kanisa. Mwezi huu nawaletea habari za mtu asiyekuwa wa Kanisa, naye ni Seyyid Barghash bin Said, aliyekuwa Sultani wa Unguja tangu mwaka 1870 hata mwaka 1888. Jina lake lajulikana pwani na bara. Nasi watu wa Ipuli na wa Tabora yote tunayo sababu ya kumjua, maana njia ya misafara iliyopita katika nchi yetu ilikuwa njia ya mali yake. Tena ndiye aliyeijenga Beit al-Ajaib, yaani Nyumba ya Maajabu, iliyokuwa miongoni mwa nyumba za kwanza katika Afrika ya Mashariki kutiwa taa za umeme. Na tumtazame kwa haki, tusimsifu kupita kiasi wala tusimtwike yasiyo yake. Kisha tuulize, nuru ile ilipata wapi nguvu zake?

UJANA WAKE

Barghash alizaliwa Unguja yapata mwaka 1837. Baba yake alikuwa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Maskati na Unguja, na mama yake alikuwa suria wa Kihabeshi. Mwezi wa Oktoba mwaka 1856 Seyyid Said alifariki baharini, akirudi kutoka Maskati, na Barghash alikuwamo katika merikebu ile. Alipofika Unguja alijaribu kukitwaa kiti cha baba yake kabla ndugu zake hawajajua, lakini hakuweza, na ndugu yake Majid akatawala.

Mwaka 1859 alijaribu tena. Dada zake wawili, Khole na Salme, wakamsaidia. Akajifungia na watu wake katika nyumba ya shamba lililoitwa Marseille. Majid akaomba msaada wa mabaharia wa Kiingereza, na fitina ile ikavunjwa. Barghash akatolewa nchini, akapelekwa Bombay katika Uhindi, akakaa huko kama miaka miwili. Katika mji ule mkubwa aliona bandari, majumba na biashara ya namna asiyoiona kwao. Kisha aliruhusiwa kurudi, akakaa kimya, akingoja.

Salme alijuta, akapatana na Majid. Baadaye alimpenda Mjerumani mmoja mfanya biashara, akaondoka Unguja, na mwaka 1867 akabatizwa katika mji wa Aden, akaitwa Emily, akaenda kukaa Hamburg. Barghash hakumsamehe, na jambo hili tutaliona tena mbele.

KUTAWALA KWAKE NA NJIA YA UNYANYEMBE

Majid alifariki Oktoba mwaka 1870, na Barghash akaketi katika kiti. Haukupita muda mrefu, taabu zikamjia. Mwezi wa Aprili mwaka 1872 tufani kubwa iliipiga Unguja, ikang'oa mikarafuu kwa maelfu, ikavunja merikebu bandarini, na zile za Sultani zikiwamo. Bara nako njia ilikuwa imefungwa, kwa kuwa tangu mwaka 1871 Waarabu wa Tabora walikuwa vitani na Mtemi Mirambo wa Urambo. Barghash alipeleka askari kutoka pwani, lakini hawakumshinda Mirambo, na vita vikaendelea kwa miaka kadha.

Kwa nini Sultani aliyekaa kisiwani ahangaike kwa ajili ya mji ulio mbali mwendo wa miezi mitatu kwa miguu? Sababu ni pembe za ndovu. Pembe kutoka Unyamwezi, Ujiji na Manyema zilikusanywa Unyanyembe, zikachukuliwa hata Bagamoyo, na huko zikatozwa ushuru wa forodha. Ushuru huo, pamoja na karafuu, ndio uliojaza hazina yake.

Waliozichukua pembe walikuwa watu wa namna mbili. Wengi walikuwa wapagazi wa Kinyamwezi, watu huru waliopatana ujira wao wa nguo na shanga, wakasifiwa kila mahali kwa nguvu na uvumilivu. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama ratili 70, mbali na chakula chake na mkeka wake. Wengine walikuwa watumwa waliokamatwa bara, wakafungwa minyororo na makongwa, nao walipofika pwani waliuzwa kama pembe zilivyouzwa. Wengi hawakufika kabisa. Babu zetu waliwaona wakipita, na wengine wao walipita pamoja nao.

KUFUNGWA KWA SOKO

Mwezi wa Januari mwaka 1873 alifika Unguja mjumbe wa serikali ya Uingereza, Bwana Bartle Frere, akamtaka Barghash akomeshe biashara ya watumwa kwa njia ya bahari. Barghash alikataa. Alijua ya kuwa watu wake wakubwa waliishi kwa kazi ya watumwa, na mashamba yalikuwa yamekwisha kuharibiwa na tufani. Aliona kwamba akikubali ataangamia, na akikataa ataangamia vilevile. Baadaye Balozi John Kirk alimweleza kuwa manowari za Kiingereza zitakizunguka kisiwa na kukizuilia biashara yote. Basi tarehe 5 Juni mwaka 1873 alitia sahihi yake, na soko la watumwa la Mkunazini likafungwa.

Ni kweli kwamba alitenda kwa kulazimishwa, lakini baada ya kutia sahihi hakulidharau neno lake. Mwaka 1876 alitoa amri nyingine ya kuzuia misafara ya watumwa kwa njia ya nchi kavu, na amri hii iliwachukiza sana matajiri wa pwani. Katika kiwanja cha soko lile Wamisionari wa Kiingereza waliweka jiwe la msingi la kanisa siku ya Krismasi mwaka 1873. Kiongozi wa kazi hiyo alikuwa Edward Steere, aliyekuwa Askofu baadaye, mtu aliyekitumikia sana Kiswahili chetu. Saa ya mnara wa kanisa hilo ilitolewa na Seyyid Barghash mwenyewe.

Hata hivyo utumwa haukuisha siku moja. Watu waliendelea kuuzwa kwa siri, na sheria iliyouondoa utumwa wenyewe haikutoka Unguja mpaka mwaka 1897, na huku Tanganyika mpaka mwaka 1922.

NYUMBA YA MAAJABU NA TAA ZAKE

Mwaka 1875 Barghash alisafiri hata Uingereza, akapokewa na Malkia Victoria, akaonyeshwa miji ya viwanda. Aliporudi alikuwa na bidii ya kuujenga mji wake. Alileta maji safi kwa mabomba kutoka chemchemi ya Chemchem, akaweka mtambo wa kuchapia vitabu, akanunua meli za moshi. Mwaka 1879 waya wa simu ulilazwa chini ya bahari kutoka Aden hata Unguja, na hivyo nguvu ya umeme ilianza kuleta habari kisiwani.

Ndipo mwaka 1883 alipoijenga Beit al-Ajaib mbele ya bahari, nyumba ya ghorofa ndefu, yenye nguzo za chuma, na milango mikubwa iliyochorwa maandiko ya Kurani. Hakuijenga ili alale humo, bali kwa ajili ya sherehe na kupokea wageni. Usiku taa zake ziliangaza mahali ambapo watu walizoea kandili za mafuta tu.

Yafaa tueleze jinsi taa za umeme za siku zile zilivyotoa nuru. Zilikuwa za namna mbili. Ya kwanza ilikuwa na vijiti viwili vya makaa magumu, vimeelekeana ncha kwa ncha. Umeme uliruka katika nafasi ndogo iliyo kati yao, na ncha zikawaka kwa nuru nyeupe kali mno, yenye kuumiza macho. Taa hiyo ilivuma, ikatoa harufu, na vijiti viliisha vikabadilishwa kila mara. Kwa hiyo ilifaa barabarani na katika minara ya bahari kuliko chumbani.

Namna ya pili ilitengenezwa na Joseph Swan katika Uingereza na Thomas Edison katika Marekani, yapata mwaka 1879. Ndani ya chupa ya kioo waliweka uzi mwembamba wa makaa, uliofanywa kwa pamba, au karatasi, au mwanzi uliochomwa. Umeme ukipita katika uzi mwembamba hupita kwa shida, na kwa shida hiyo uzi hupata moto hata ukang'aa. Katika hewa uzi ungeungua mara moja ukawa majivu. Kwa hiyo waliinyonya hewa yote katika chupa, na uzi ukadumu kung'aa muda mrefu bila kuteketea.

Mmoja wa mafundi waliotengeneza uzi wa makaa ulio bora alikuwa Lewis Latimer wa Marekani. Wazazi wake, George na Rebecca, walikuwa watumwa waliotoroka Virginia mwaka 1842. Mwana wao alijifundisha kuchora michoro ya mitambo, na mwaka 1882 akapewa hati ya serikali kwa njia yake ya kutengeneza nyuzi hizo. Fikirini jambo hili: mwaka mmoja tu kabla ya kujengwa Beit al-Ajaib, mwana wa watumwa alikuwa akiwafundisha watu huru jinsi ya kuitengeneza nuru.

Baada ya siku za Barghash taa zilibadilika. Uzi wa makaa uliachwa, ukawekwa uzi wa madini ya tangisteni, usioyeyuka upesi kwa moto. Kisha zikaja taa za mrija, ambazo ndani yake umeme huuamsha mvuke wa zebaki, na unga uliopakwa katika kioo hugeuza mng'ao wake usioonekana kuwa nuru. Siku hizi twatumia taa za LED, ambazo hutoa nuru katika kijipande kidogo cha madini pasipo uzi wa kuchemka, nazo hula umeme kidogo. Lakini zote ni sawa katika neno moja: taa haina nguvu yake yenyewe. Hupokea nguvu kutoka mahali pengine, ikaigeuza kuwa nuru. Penye taa pana waya, na mwisho wa waya pana mtambo, na mtambo hutaka kulishwa.

SIKU ZAKE ZA MWISHO

Nuru ya Nyumba ya Maajabu haikumlinda mwenyewe. Mwishoni mwa mwaka 1884 Mjerumani Carl Peters alipita katika nchi za Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami akiandikisha mikataba na machifu, na mwaka 1885 Kaisari wa Ujerumani akaziweka nchi hizo chini ya ulinzi wake. Barghash alipeleka simu ya kupinga, lakini waya ule uliopeleka maneno yake upesi haukuweza kuigeuza mioyo ya wakubwa. Mwezi wa Agosti manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya jumba lake, na akakubali.

Pamoja na manowari hizo alikuja Emily, dada yake, ambaye sasa alikuwa mjane. Alitaka kuonana na ndugu yake na kupata urithi wake. Barghash alikataa kumpokea. Dada aliyehatarisha maisha yake kwa ajili yake mwaka 1859 alitembea katika njia za Unguja, karibu na nyumba ya ndugu yake, na mlango haukufunguliwa. Mwaka uliofuata Waingereza na Wajerumani waligawana bara, wakamwachia Sultani visiwa na ukanda wa pwani wa maili 10. Unyanyembe, iliyomjazia hazina, haikuwa njia yake tena.

Barghash aliugua. Alikwenda Arabuni kutafuta afya, akarudi Unguja mwezi wa Machi mwaka 1888, na mwezi huo huo akafariki, naye alikuwa na miaka kama 51. Nyumba yake iliumizwa na mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti mwaka 1896, ikabaki imesimama. Lakini tarehe 25 Desemba mwaka 2020, ilipokuwa ikitengenezwa, sehemu yake ilianguka, na watu wawili wakapoteza maisha.

NENO KWETU

Ndugu zangu, Barghash alileta maji kwa watu wake, alifunga soko la watu, alitoa saa kwa kanisa lisilo la dini yake. Mambo hayo ni mema na yahesabiwe kuwa mema. Lakini aliyesimama baharini usiku akazitazama taa za Beit al-Ajaib hakumwona mpagazi wa Kinyamwezi mwenye bega lililovimba, wala mama aliyeachwa porini kati ya Ujiji na Tabora kwa sababu hakuweza kutembea tena. Nuru ilionekana, waliolipia hawakuonekana.

Tusidhani kwamba habari hii ni ya masultani tu. Usharika wetu ukijenga kanisa, ukatia taa nzuri madhabahuni, na tuulize kama fundi amelipwa ujira wake siku tuliyopatana, na kama akina mama waliochota maji ya kuchanganyia udongo wamekumbukwa walau kwa shukrani. Mtu akipamba nyumba yake kwa taa ilhali mtumishi wake analala na njaa, amejenga Nyumba ya Maajabu ndogo. Na mtu mwenye nuru nyingi nyumbani, aliyemfungia mlango ndugu yake aliyekuja kutaka amani, bado yumo gizani.

Bwana wetu alituambia kwamba taa haiwashwi ili ifichwe. Na tuwashe taa zetu hadharani, na hesabu ya nguvu zinazoziwasha iwe hadharani pia, ili nuru yetu isiwe mzigo mgongoni mwa mwingine.