Albert Schweitzer na Kinanda Chake

Albert Schweitzer alizaliwa mwaka 1875 katika Alsace, wakati huo mkononi mwa Ujerumani, akawa mpiga kinanda mashuhuri. Akasomea uganga, na mwaka 1913 akaenda Lambaréné katika Gabon kuwatibu wagonjwa. Huko si kama milimani Upare penye baridi. Ni mwitu wenye joto, kando ya mto Ogowe. Rafiki zake wa Paris walimpa kinanda chenye vibao vya kupigia kwa miguu. Lakini yeye aliona heri aache muziki kabisa, vidole visahau kazi yake.

Jioni moja, akipiga wimbo wa Bach kwa huzuni, akageuza nia. Akaanza kujifunza upya nyimbo alizokwisha kuzipiga mbele ya watu wengi, polepole, mpaka azijue kwa moyo pasipo kukosa hata sauti moja. Wimbo mmoja ukimchukua majuma, au miezi, hakujali.

Kwa kuwa alikuwa raia wa Ujerumani, mwaka 1917 Wafaransa walimpeleka kambini Ufaransa. Kinanda hakikuwapo. Basi meza ikawa kinanda, na sakafu vibao vya miguu, akajizoeza bila sauti.

Mwaka 1919 aliitwa Barcelona kupiga kinanda. Mwaka uliofuata akapiga katika Uswidi, na fedha zikasaidia kulipa deni za hospitali. Mwaka 1924 akarudi Lambaréné, na huko ndiko alikofariki mwaka 1965.