Jina Lake, Jengo la Umma

Marehemu Conrad Hilton, tajiri wa Marekani aliyezaliwa New Mexico mwaka 1887 na kufariki 1979, hatumkumbuki kwa mali yake. Twamkumbuka kwa hoteli ya Caribe Hilton, ufukoni mwa San Juan, Puerto Rico. Serikali ya kisiwa hicho ilipowaandikia wenye hoteli wa Marekani, yeye alijibu kwa Kihispania. Serikali ikajenga kwa fedha za umma, na mwaka 1949 hoteli ikafunguliwa. Hilton alipangishwa, akaleta ujuzi wake, na theluthi mbili ya faida ya uendeshaji ikawa haki ya serikali. Haikuwa hisani, wala hatudanganyiki: jina lake lilienea ng'ambo bila yeye kugharimia kuta. Mtindo huo aliufikisha hata Istanbul, ambako hoteli iliyofunguliwa mwaka 1955 ilikuwa mali ya mfuko wa pensheni wa watumishi wa serikali ya Uturuki.