Joe Meek: Wimbo wake ulivuka bahari, fedha zake zikakwama

Mfanyabiashara wa mpakani anaujua uchungu wa mzigo kufika salama huku malipo yakikwama. Ndiyo yaliyomfika Joe Meek, fundi wa sauti wa Uingereza aliyegeuza nyumba ya kupanga kuwa studio.

Meek alizaliwa Aprili 5, 1929 katika mji mdogo wa Newent, Gloucestershire. Alitumikia jeshi la anga akiwa fundi wa rada, kisha akaenda London kufanya kazi katika studio kubwa. Huko hakuelewana na wakubwa. Wao walitaka sauti inaswe kama ilivyo. Yeye alisogeza maikrofoni karibu kabisa na mdomo wa mwimbaji, kisha akaichezea sauti hiyo hadi ibadilike.

Mwaka 1960 alipanga ghorofa za juu ya duka la bidhaa za ngozi, namba 304 Holloway Road, kaskazini mwa London. Waimbaji walirekodiwa bafuni, wapiga fidla wakasimama kwenye ngazi. Kelele zilipozidi, mama mwenye nyumba aligonga dari kwa ufagio.

Meek hakujua kusoma nota wala kupiga ala. Mtaji wake ulikuwa masikio na vifaa, vingine alivyojitengenezea. Alikuwa na kompresa, inayobana sauti kubwa ili ile ndogo nayo isikike. Mwangwi wa kanda. Na kisanduku chenye springi kilichoifanya sauti ionekane kutoka pangoni.

Kijana anayerekodi leo chumbani kwake Kampala au Mwanza anapata hayo yote ndani ya kompyuta. Hupanga vifaa kwa mfuatano: kwanza kupunguza mvumo usiotakiwa, halafu kompresa. Kisha huchepusha kiasi cha sauti kwenda njia ya pembeni yenye mwangwi, ambayo mafundi huiita basi. Jina linafaa. Waimbaji watatu hupanda basi moja badala ya kila mmoja kukodi gari lake, na sauti zao husikika kama ziko katika ukumbi mmoja. Sauti halisi hubaki mbele, mwangwi ukaja nyuma yake.

Nyumba ile ilizaa matunda. Mwaka 1961 wimbo "Johnny Remember Me" wa John Leyton, uliojaa mwangwi, ulishika nafasi ya kwanza Uingereza. Mwaka 1962 Meek alitunga "Telstar", muziki wa ala usio na maneno, akaipa jina la setilaiti iliyorushwa Julai mwaka huo. Kundi la Tornados likaipiga, nayo ikaongoza Uingereza na hata Marekani. Mwaka 1964, katika "Have I the Right?" ya Honeycombs, wanamuziki walikanyaga ngazi kwa miguu ili kuongeza kishindo cha ngoma.

Lakini mtunzi mmoja wa Ufaransa, Jean Ledrut, alidai kuwa "Telstar" iliibwa kutoka muziki wake wa filamu ya mwaka 1960. Kesi ikafunguliwa, na mirabaha ya Meek kama mtunzi ikazuiwa. Rekodi ziliuzwa kwa mamilioni. Yeye akabaki na madeni. Nyimbo zilizofuata hazikuuza kama zamani, na afya yake ya akili ikazidi kuzorota.

Februari 3, 1967, Meek alimpiga risasi mama mwenye nyumba akamuua, kisha akajiua. Alikuwa na umri wa miaka 37. Mama yule hakuwa na sehemu katika kesi hiyo.

Kesi ya "Telstar" iliamuliwa baadaye, na ushindi ukawa wa Meek. Fedha zilifunguliwa wakati mwenyewe yuko kaburini. Sauti aliweza kuipanga peke yake chumbani, kifaa baada ya kifaa. Haki ya kuimiliki ilikuwa mikononi mwa mahakama ya nchi nyingine, na huko hakuwa na namna ya kuharakisha lolote.