Enoch Sontonga, mwalimu wa korali na wimbo wake mmoja

Karibu kila korali ya mashariki mwa Kongo ina mtunzi wake. Hakusomea muziki. Ni mwalimu, mshonaji au mkulima ambaye jioni anaandika maneno kwenye daftari, na siku ya mazoezi anawafundisha wenzake. Enoch Sontonga alikuwa mtu wa namna hiyo, na leo wimbo wake mmoja unaimbwa na mataifa.

Alizaliwa karibu mwaka wa 1873 huko Uitenhage, Afrika Kusini, katika kabila la Waxhosa. Alisomea ualimu katika chuo cha misioni cha Lovedale, kisha akatumwa kufundisha katika shule ya misioni ya Wamethodisti huko Nancefield, karibu na Johannesburg. Alikuwa pia mhubiri asiye mchungaji, kiongozi wa korali na mpiga picha. Alimwoa Diana Mgqibisa, binti wa mchungaji, wakapata mtoto mmoja.

Wakati ule Johannesburg ulikuwa mji mpya. Dhahabu ilivumbuliwa huko mwaka wa 1886, na watu wa makabila mengi wakaja kuichimba, lakini utajiri haukuwa wao. Sontonga aliyaona mateso yao. Nyimbo alizowatungia wanafunzi wake nyingi zilikuwa za huzuni, kwa maana alitunga juu ya maisha ambayo wao na wazazi wao walikuwa wakiyaishi.

Mwaka wa 1897 alitunga Nkosi Sikelel' iAfrika, ubeti mmoja na kiitikio. Ni sala: anamwomba Mungu aibariki Afrika. Tuni yake ni rahisi, na vipande vyake vinarudiwa, hata mtu anayeusikia mara ya pili anaweza kushika sauti yake na kuimba pamoja na wengine. Hauhitaji ala yoyote. Mwaka wa 1899 uliimbwa hadharani kwa mara ya kwanza, katika ibada ya kumweka wakfu Mchungaji Boweni, ambaye alikuwa Mtsonga. Wimbo wa Kixhosa, kwa furaha ya mchungaji wa kabila lingine: tangu mwanzo haukufungwa ndani ya kabila moja.

Sontonga alifariki tarehe 18 Aprili 1905, akiwa bado kijana. Hakuona mahali wimbo wake ulipofika. Korali zingine ziliuchukua, ikiwemo ile ya shule ya Ohlange. Tarehe 8 Januari 1912, huko Bloemfontein, uliimbwa katika mkutano ulioanzisha chama kilichokuja kuitwa ANC. Mwaka wa 1923 Sol Plaatje aliurekodi London, na mwaka wa 1927 mshairi Mqhayi alitoa beti saba za kuongezea. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka wa 1961, iliuimba kwa Kiswahili. Ndugu zetu waliovuka ziwa kwenda Kigoma wanaujua vizuri: ni Mungu ibariki Afrika. Zambia nayo iliichukua tuni hiyo na kuipa maneno yake.

Mtunzi mwenyewe alisahauliwa. Kwa miaka mingi kaburi lake halikujulikana, kwa sababu katika kitabu cha makaburi aliandikwa kwa jina la Enoch tu. Ni mwaka wa 1996 ndipo aliwekewa ukumbusho huko Braamfontein, na Rais Mandela akiwapo. Na daftari lake? Waimbaji walikuwa wakienda kuliazima kwa mjane wake, mpaka likapotea. Nyimbo zilizobaki ndani ya daftari zilipotea nalo. Ule ulioingia vinywani mwa watu ukaishi.

Siku hizi tunaupima wimbo kwa kinanda, studio na video. Sontonga hakuwa na hivyo vyote. Maisha yake yanatupa maswali mengine ya kuupima. Umeme ukikatika, je, wimbo bado unasimama? Mama anayeketi nyuma kabisa anaweza kurudi nao nyumbani na kuuimba shambani? Unasema kweli juu ya maisha ya watu wetu, ya wanaokimbia na wanaozika, au unapamba maneno tu? Na jirani wa kabila lingine akiusikia, anaweza kusema Amina bila kuumia moyoni?

Mtunzi mpendwa, usivunjike moyo kwa kuwa hukusomea muziki. Jiulize maswali hayo kabla ya kuufundisha wimbo wako. Na lile daftari lako, mwombe kijana mmoja wa korali alinakili, alitunze kwake.