Mboya na Somo la Kupatana Bei

Mwalimu wa Sindo hahitaji kufundishwa kupatana bei. Ashukapo ufukweni jioni kununua mbuta au omena, huijua bei ya jana na ya juzi, humtambua samaki aliyelala na yule aliyetoka majini sasa hivi, tena huwa tayari kumwacha mchuuzi wa kwanza akamwendea wa pili. Lakini mwalimu huyo huyo, akiisha kupata mkopo wa chama chake cha akiba na kufunga safari hadi Kisumu kununua gari, huingia katika yadi ya magari akawa bubu. Husomewa bei, hukubali, hutia sahihi. Kisha mshahara wake hukatwa kwa miaka minne au mitano kwa sababu ya maneno ambayo hakuyasema katika nusu saa.

Kinachomfunga mdomo si woga bali ni kutojua. Ufukweni anazo habari, yadini hana. Na kaskazini ya Sindo, ukiisha kuipita Mbita na kuvuka kuingia kisiwa cha Rusinga, amezikwa mtu aliyelielewa jambo hili kuliko wengi wa rika lake. Huyo ni hayati Thomas Joseph Mboya. Shule zetu humtaja kama waziri aliyeuawa, lakini ni nadra kumtaja kama bingwa wa mapatano, ilhali ndiyo kazi aliyoifanya maisha yake yote.

Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 huko Kilima Mbogo, karibu na Thika, ambako baba yake, mwenyeji wa Rusinga, alikuwa msimamizi katika shamba la mkonge. Alisoma Kabaa, Yala na Mang'u, kisha ukosefu wa karo ukamzuia kuendelea. Akajifunza kazi ya ukaguzi wa afya, na mwaka 1951 akaajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi. Hapo aliona kwamba mkaguzi Mwafrika alilipwa sehemu ndogo tu ya mshahara wa Mzungu aliyefanya kazi ile ile. Hakwenda kulia mlangoni pa mkubwa. Aliwakusanya wenzake, akakigeuza chama chao cha watumishi kuwa chama halisi cha wafanyakazi wa serikali za mitaa. Mwaka 1953, akiwa na umri wa miaka 23, akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi nchini.

Huo ulikuwa wakati wa hali ya hatari, vyama vya siasa vimepigwa marufuku na viongozi wamo kizuizini. Mdai haki aliyepaza sauti bila hesabu mkononi alinyamazishwa upesi. Lakini hesabu zilikuwapo. Kamati ya serikali yenyewe, iliyoongozwa na Carpenter, ilikuwa imeeleza mwaka 1954 kwamba takriban nusu ya wafanyakazi Waafrika wa makampuni ya mijini walilipwa ujira usiotosha mahitaji ya lazima. Ni vigumu kwa mwajiri kuikana hesabu iliyoandikwa na serikali yake.

Machi 1955 makuli wa bandari ya Mombasa waligoma. Mboya aliteremka pwani akawasihi warudi kazini, na shauri la mshahara likapelekwa mbele ya baraza la usuluhishi. Wapo walioona kwamba kurudi kazini ni kushindwa. Yeye aliona kwamba kuna mambo mawili tofauti: kazi irudi leo, na ujira uamuliwe na baraza litakalosikiliza hoja. Baraza hilo lilipotoa uamuzi, makuli walipata nyongeza ya asilimia 33.

Ustadi huo wa kutenganisha mambo aliutumia tena alipowatafutia vijana wetu elimu ya juu Marekani. Mwaka 1959 alizunguka nchi hiyo akitafuta nafasi vyuoni, na suala la nauli likashughulikiwa kando na marafiki waliochanga fedha za kukodi ndege. Septemba mwaka huo wanafunzi 81 walisafiri. Serikali ya Marekani ilipokataa kulipia safari iliyofuata, Mboya hakukaa akiubisha mlango uliofungwa. Alimwendea Seneta John Kennedy, na wakfu wa familia yake ukatoa dola 100,000. Kati ya waliosafiri mwaka 1960 alikuwamo Wangari Maathai.

Mapema mwaka huo wa 1960, katika mkutano wa katiba huko Lancaster House, London, Mboya alikuwa katibu wa ujumbe wa Waafrika ulioongozwa na Ronald Ngala. Walisusia vikao vya mwanzo kwa sababu Mbiyu Koinange alikataliwa kuwa mshauri wao. Hatimaye walikubali aingie katika jumba lakini asiingie katika ukumbi wa mkutano. Walilegeza jambo dogo, wakalishikilia kubwa, nalo ni Waafrika kupata wingi wa viti katika Baraza la Kutunga Sheria. Na alipokuwa Waziri wa Leba, Oktoba 1962, serikali, waajiri na wafanyakazi walitia sahihi mkataba wa uhusiano wa kikazi, ili yaliyosemwa kwa mdomo yasipeperushwe na upepo.

Sasa tuyatie mafunzo hayo katika yadi ya magari. Magari mengi tununuayo yamekwisha kutumika Japani, nayo huteremshwa katika bandari ile ile ya Mombasa. Muuzaji anajua alilinunua gari kwa kiasi gani, alilipa ushuru gani, na limekaa siku ngapi bila mteja. Mnunuzi naye aje na hesabu zake: bei za yadi tatu au nne kwa gari la aina na mwaka ule ule, maoni ya fundi wake mwenyewe, na jumla ya mkopo pamoja na riba, si makato ya mwezi peke yake.

Anayetoa gari kuukuu na kuongeza fedha ili apate jingine ana hatari zaidi, maana hapo biashara mbili zimefungwa katika furushi moja. Tuseme yadi ya kwanza yalithamini gari lako kwa shilingi 400,000, na gari unalolitaka ni shilingi 1,200,000. Yadi ya pili yakupa 350,000 tu, lakini gari la namna ile ile huko ni 1,100,000. Wengi wataikimbilia ya kwanza kwa kuwa imelisifu gari lao. Piga hesabu: kule utaongeza 800,000, huku 750,000. Kwa hiyo fanya kama Mboya, yatenganishe. Uliza kwanza bei ya gari jipya kana kwamba hutoi kitu, uiandike. Kisha gari lako lithaminiwe peke yake, na umuulize pia mnunuzi wa kando. Usitie sahihi kabla ya kuthibitisha kwamba gari unalolichukua halidaiwi mkopo. Na lile ulilolitoa, hakikisha umiliki umehamishwa, lisije likapata ajali barabarani kwa jina lako. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Hata hivyo Mboya hakuwa malaika. Mwaka 1966, katika mkutano wa KANU huko Limuru ambao alikuwa miongoni mwa wapangaji wake wakuu, cheo cha makamu wa rais wa chama kilichoshikwa na Oginga Odinga kilivunjwavunjwa kuwa vyeo vinane. Odinga akajitoa, akaunda chama kingine, na uhasama ukaota mizizi. Aliyezoea kupatana alikuwa safari hii ameshinda bila kumwachia mwenziwe kitu. Neno letu kupatana lina hekima yake: kila mmoja apate. Muuzaji wa magari naye ana kodi na watoto wa kusomesha. Tusiombe auze kwa hasara, bali asichukue zaidi ya haki yake kwa sababu tu tumenyamaza.

Tarehe 5 Julai 1969 Mboya alipigwa risasi katikati ya Nairobi, akiwa bado hajatimiza miaka 39. Waliomlilia walimrudisha Rusinga. Walimu wa Suba hupeleka wanafunzi kulitazama kaburi lake, na ni jambo jema. Watakaporudi darasani, somo la hesabu la wiki hiyo na liwe la riba, la thamani ya gari kuukuu na la furushi lenye biashara mbili. Mtoto wa Sindo anayejua bei ya omena ajue pia kuisoma hati ya mkopo kabla hajapewa kalamu ya kutia sahihi.